Fundi Taratibu na Nati ya Shingo

Ndugu, jamaa na majirani, tunayemsindikiza leo alizaliwa tarehe 4 Juni 1957, mtoto wa tatu wa seremala na mkunga, akasoma shule ya msingi ya mtaani kwao hadi mwaka 1971, kisha chuo cha ufundi, ambako walimu walimbandika jina la Taratibu, kwa kuwa wenzake walipokuwa wakinawa mikono, yeye ndiyo kwanza anachagua spana.

Mwaka 1979 alifungua karakana ya pikipiki nyuma ya kituo cha mafuta, na mafundi aliowafunza humo waliruhusiwa kugusa kila kitu isipokuwa nati ya shingo, ile inayobana beringi ambazo usukani unazungukia, kwani ikikazwa mno pikipiki inayumba kama mlevi, ikilegea inagonga kila ukishika breki, hivyo aliikaza mwenyewe, akainua gurudumu la mbele na kuusukuma usukani kwa kidole kimoja hadi uanguke wenyewe kushoto na kulia.

Somo hilo alilipata kwa aibu, maana tarehe 12 Septemba 1981, asubuhi ya harusi yake, aliikaza nati ya pikipiki yake kwa pupa, akaishia mtaroni na suti yake, akafika ukweni magoti yamejaa tope, na mama mkwe akauliza kama ameanza kuomba msamaha kabla hata hajaoa. Ndoa hiyo ilijaliwa mabinti wawili, ambao wameketi hapa mbele.

Mwaka 2021 maradhi ya neva yalianza kumnyang'anya nguvu za mikono, wakati pikipiki ileile, sasa kuukuu, imefunguliwa shingo ikisubiri beringi mpya. Ilimuuma sana kuiacha vipande vipande, lakini mafundi wake walipokuja kujitolea aliwakatalia wote, na ubishi huo sisi ndugu zake tunaujua, ni wa ukoo.

Mwezi Februari mwaka huu wa 2025 mkewe, mshonaji aliyezoea kuiendesha kupelekea wateja nguo lakini asiyeivumilia harufu ya grisi, alivaa aproni akamwambia yeye aseme tu, kazi ataifanya mwenyewe. Akagonga bakuli za zamani, zile beringi zinamokalia, zikatoka, akaingiza mpya, akapaka beringi grisi, mumewe kitini akielekeza na kugomba. Ilipofika zamu ya nati, mkewe alisita.

"Kaza mpaka ikatae, halafu irudishe kidogo," Taratibu akamwambia. "Mkono wako unajua, kila siku unakaza uzi wa cherehani."

Usukani ukaanguka kushoto, ukaanguka kulia. Yeye aliyezoea kurudia kazi ya kila mtu hakuomba spana, aliomba viatu, na Jumamosi ya tarehe 1 Machi, kwa mara ya kwanza katika ndoa yao, akapanda nyuma ya mkewe, akamshika kiunoni, wakaenda hadi lami inapoishia na kurudi.

Alifariki usingizini, nyumbani kwake, tarehe 16 Machi. Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliotubebea mzigo huu, na mafundi wenzake waliofunga karakana zao leo. Mnaouliza nani ameleta pikipiki iliyoegeshwa getini, ameileta mjane, naye ndiye atakayerudi nayo nyumbani.

Upumzike kwa amani, kaka yetu.