Mwalimu Mhando, Matunda na Darasa la Dini Zote

Ijumaa hii, tarehe 30 Juni 1961, Mwalimu Philipo Mhando anatimiza miaka thelathini ya kushika chaki, na anastaafu. Ishirini ya mwanzo, ukihesabu na ile ya masomo, aliitumikia Tanga na Korogwe. Kumi ya mwisho ametupa sisi wa Chuo cha Walimu cha Unyaghuri, hapa Singida. Kamati ya sherehe imeniomba niandike wasifu wake kwa heshima na kwa ufupi. Heshima nitajitahidi. Ufupi mnisamehe, kwa sababu nilikuwa mwanafunzi wake kabla ya kuwa mwenzake kazini, na mwanafunzi hamalizi kumsema mwalimu wake kwa siku moja.

Mwalimu Mhando alizaliwa Muheza, nyumbani kwa katekista. Alianza kwa kufundisha hesabu na Kiswahili, na hadi leo hakuna mtu chuoni anayemfikia kwa kufoka juu ya herufi ndogo iliyokalia kiti cha herufi kubwa. Mwaka 1949, akiwa mtu mzima mwenye watoto watano, alipata nafasi ya kwenda chuo kikuu kule Kampala kusomea dini. Haikuwa dini ya kuhubiri. Ilikuwa dini kama jambo la kuchunguza: watu huamini nini, huomba vipi, kwa nini hawa humlaza maiti upande huu na wale upande ule. Mkewe, Mama Klara, anasema majirani wa Korogwe walimpa pole wakidhani ameachwa, maana walisikia mumewe amekwenda kusomea upadre.

Januari 1952 akaletwa kwetu kuanzisha somo hilo. Alishuka na koti moja jembamba la pwani, na upepo wa Singida ukampokea unavyowapokea wageni wote. Kwenye ratiba somo liliitwa Uchunguzi wa Dini. Mabwenini tuliliita Darasa la Dini Zote, na jina hilo ndilo lililobaki.

Naomba hapa msomaji anielewe vizuri, kwa maana ndipo penye mzigo. Darasa lilikuwa la majaribio. Mwisho wa mwaka wangekuja watahini wawili wa chuo kikuu. Wakiridhika, cheti chetu kingekubaliwa Kampala. Wasiporidhika, darasa lingefungwa, nasi tungerudi makwetu, kwa sababu tulikuwa tumepokewa nje ya idadi ya kawaida ya chuo na hatukuwa na nafasi penginepo. Kwangu mimi kurudi nyumbani kulikuwa aibu tu, na aibu huzoeleka. Kwa Theodora, binti wa fundi wa reli wa Itigi, lilikuwa jambo jingine. Baba yake alikuwa amekwisha kumwambia kwamba akirudi bila cheti, ng'ombe wa mahari wako njiani.

Miezi ya kwanza ilikuwa ya vituko. Padre alisikia kuna mwalimu anayewafundisha Wakristo Kurani, akamtuma mtu aje akae nyuma ya darasa asikilize. Sheikh naye alisikia watoto wa Kiislamu wanafundishwa Zaburi, akamtuma wa kwake. Wale wawili wakakaa benchi moja, kila mmoja akimchunga mwenzake. Wiki ya tatu mtu wa padre alinyoosha mkono kuuliza habari za kufunga Ramadhani. Wiki ya nne mtu wa sheikh alitaka kujua Kwaresima ina siku ngapi na kwa nini watu wanakula samaki. Mwishowe padre na sheikh walikuja wenyewe, na Mwalimu akawapa kila mmoja kipindi chake. Tangu mwaka ule hadi leo wanakuja kila muhula, na huwa wanagombea nani atangulie.

Sasa nifike kwenye Matunda. Nilimwomba Mwalimu ruhusa ya kuliandika jambo hili, akanijibu, "Usipoliandika, hujaandika wasifu wangu."

Alipokuwa Kampala alitakiwa kuandika kazi moja ya uchunguzi. Likizo akapanda treni hadi Itigi, akakaa wiki mbili akiwahoji wazee wanaoleta asali stesheni. Kinyaturu hakuwa nacho hata salamu. Mzee mmoja kutoka huku kwetu alimjibu vizuri sana. Mwalimu alimuuliza wazee wa zamani waliomba nini. Mzee akasema, "Tunaomba Matunda." Mwalimu akaandika. Yako wapi? "Iko juu." Ya mti gani? "Miti yote." Yanapatikana lini? "Kila siku, ila asubuhi jua ikitoka ndiyo nzuri zaidi."

Mnyaturu yeyote anayesoma hapa ameshaanza kucheka. Kwa asiyejua: Matunda ndilo jina la Muumba kwa wazee wetu, yule aliyefanya jua na watu na hiyo miti yenyewe. Lakini Mwalimu ni mtu wa Muheza, na kwa mtu wa Muheza matunda ni machungwa. Aliyatafsiri majibu yale kwa Kiingereza, akathibitisha kwa kurasa arobaini kwamba watu wa nchi kavu ya Singida huabudu matunda kwa sababu ya uhaba wake. Profesa wake aliipenda mno. Kazi hiyo ndiyo iliyowashawishi wakubwa wa chuo kikuu kwamba somo hili lijaribiwe Singida.

Kwa hiyo siku moja ya Oktoba aliingia darasani, akachora ubaoni papai, ndizi na embe, akaanza kutufundisha dini ya babu zetu.

Hakuna aliyesema neno. Msidhani tulikuwa wajinga, wala kwamba hatukujua. Kwetu mtu mzima hasahihishwi mbele ya watu, na mwalimu ni mtu mzima mara mbili. Tuliinamisha vichwa, tukaandika kwamba papai lilikuwa na heshima kuliko ndizi. Jioni bwenini Wanyiramba, ambao ni watani wetu na wanajua fika Matunda ni nani, walitukalisha kitako. Kila mlo walitunyima tunda lolote lililopatikana, wakisema si vizuri kumwachia Mnyaturu amtafune mungu wake. Tulivumilia wiki nzima, tukaandika na mtihani mdogo, na wote tukafaulu.

Wiki iliyofuata Mwalimu alitupeleka Sepuka, kwa Mzee Mughwai, babu yangu mkubwa, ili tuone ibada kwa macho. Njiani alibeba mwenyewe kikapu cha mapapai na ndizi zilizoletwa na lori la Babati. Alimwamkia mzee vizuri, akaweka kikapu chini taratibu, akarudi nyuma hatua kadhaa, akavua kofia. Mzee Mughwai alishukuru kwa moyo wote. Kisha akachagua ndizi iliyoiva, akaimenya, akaila.

Uso wa Mwalimu ulibadilika, na Damari, mkwe wa mzee, akauona. Damari hakuwa mwanafunzi wa mtu, kwa hiyo heshima yetu haikumfunga mdomo.

"Mwalimu, mbona umeshtuka? Ndizi ilikuwa ya nani?"

Mwalimu akajieleza. Akaeleza kwa Kiswahili chake kizuri kwamba alidhani mzee angeanza na maombi kwa Matunda haya. Damari alimsikiliza hadi mwisho. Kisha akacheka mpaka akakaa chini, akamtafsiria mzee, naye mzee akacheka mpaka ndizi ikamkwama, ikabidi apigwe mgongoni. Alipopata pumzi alisema, na Damari akatafsiri, "Mwambie mgeni wetu Matunda hamenywi."

Hapo Mwalimu akatugeukia sisi. "Ninyi mlijua?" Tukatazama vidole vya miguu. Lile ndilo jibu aliloliona, na nakiri sijawahi kumwona mtu mzima akisikitika vile. Tulirudi chuoni, na kikapu tulikiacha Sepuka.

Watahini walikuwa wanakuja baada ya wiki tatu. Mkuu wetu wa chuo wakati ule, Bwana Isaka Kingu, alimwita Mwalimu akamshauri kwa nia njema kabisa. Kampala hawajui Kinyaturu, alisema. Ukiibomoa kazi ile umelibomoa darasa, maana limejengwa juu yake. Nyamaza, watoto wapate vyeti, mwakani usahihishe polepole. Nasi wanafunzi tulikwenda nyumbani kwake, Theodora akiwa mbele, tukamwomba vilevile. Theodora alisema, "Mwalimu, wewe ukisema ukweli utabaki na heshima yako. Mimi nitabaki na ng'ombe wa watu."

Mama Klara akatuletea uji, na Mwalimu akangoja tuumalize. Kisha akatuambia kwamba hawezi kumfundisha mtu kuchunguza dini ya wenzake huku yeye mwenyewe akiwauzia watu dini isiyokuwapo. Lakini, akasema, hatungojei wiki tatu tumekaa. Kazi ile inabomolewa na kujengwa upya, na wajenzi ni ninyi.

Ndipo alipobuni utaratibu ambao leo kila mwalimu aliyetoka darasa lile anao. Alitutuma wawiliwawili: mmoja mwenye lugha ya mahali, mmoja mgeni wa lugha hiyo. Mwenye lugha kazi yake kusikia. Mgeni kazi yake kuuliza yale maswali ya kipumbavu ambayo mwenyeji huona haya kuyauliza. Mimi nilipangwa na Athumani, Mnyiramba Mwislamu kutoka Kinampanda, mtani wangu mkubwa. Theodora alikwenda Mitundu na Leah wa Ikungi. Na kila jioni tulisoma tulichopata mbele ya darasa, na sharti lilikuwa moja: anayesikia kosa asimame, aamkie, aseme. Siku ya kwanza hakusimama mtu. Siku ya pili Mwalimu alisema kosa makusudi, akakaa, akangoja. Alingoja hadi Theodora akasimama. "Shikamoo Mwalimu," alisema. "Hapo umekosea." Mwalimu akajibu marahaba, akamshukuru. Kuanzia hapo hatukukamatika.

Watahini walifika kwa treni hadi Itigi, kisha kwa lori, wakashuka weupe kwa vumbi wote wawili, ingawa mmoja alikuwa Mwingereza na mwenzake Mganda. Yule Mwingereza alikuwa ndiye profesa aliyeipenda kazi ya Matunda. Kabla hawajauliza swali hata moja, Mwalimu Mhando alisimama.

"Waheshimiwa," alisema, "kazi yangu iliyoleta darasa hili si kweli. Sikudanganya, nilidanganyika. Naomba iondolewe. Ila nawaomba msilihukumu darasa kwa kazi yangu. Lihukumuni kwa kazi yao."

Bwana Isaka Kingu alifumba macho. Profesa alivua miwani, akamtazama Theodora, aliyekuwa amekaa karibu. Akamuuliza kwa Kiswahili chake cha kujikwaa kama walijua.

"Tulijua, bwana."

"Kwa nini hamkusema?"

"Kwetu mwalimu hasahihishwi."

"Na sasa?"

"Sasa ametuomba wenyewe. Na wewe, bwana, nikikusikia unakosea nitakuambia, lakini nitaanza na shikamoo."

Alimwambia mara tatu mchana ule. Mara ya kwanza profesa alinuna, mara ya pili akaandika, mara ya tatu akauliza zaidi. Yule mtahini Mganda alisema kwao pia kuna maneno ambayo wageni wameyamenya vibaya, akaomba aelezwe upya habari ya mwenye lugha na mgeni wa lugha. Walitusikiliza, hata ile habari ya ndizi ya Mzee Mughwai, mpaka kengele ya chakula ikalia na kulia tena, wala hawakuinuka. Mwishowe profesa alisimama. Alisema amewafundisha wanafunzi wake Kampala habari ya ibada ya matunda kwa miaka miwili mfululizo.

"Ndizi hiyo tumeila wote," akasema. Kisha akatangaza palepale kwamba darasa linakubaliwa, cheti kinatambuliwa, na kazi mpya itachapishwa kwa majina ya darasa zima. Theodora alilia bila kujificha. Mimi nilisema ni vumbi.

Mengine yote yaliyofuata ni mavuno. Kazi ile mpya ilitoka mwaka 1954 na bado inasomwa Kampala. Wanafunzi wa Mwalimu wanafundisha Iramba, Sepuka, Itigi na Mitundu, na ukimsikia mtoto wa shule akimwamkia mwalimu wake kisha akamwambia amekosea, ujue mbegu imetoka Unyaghuri. Mwaka ambao njaa ilileta maneno, na watu wakaanza kusema mvua imezuiwa na wenye dini fulani, mkuu wa wilaya alitafuta askari. Mwalimu yeye alitafuta padre, sheikh na wazee wa mvua, akawaweka katika darasa lake siku nzima, akawaambia kila mmoja aeleze anavyoomba mvua na wenzake waulize. Askari walipofika, walikuta watu wanakula pamoja. Mkuu wa wilaya aliandika kwamba hali ilitulia yenyewe. Sisi tuliokuwapo tunajua aliyeituliza.

Si mkamilifu. Kinyaturu chake baada ya miaka kumi bado kinamwumiza Damari mbavu. Mlenda anaula kwa adabu, si kwa mapenzi. Na nyumba aliyoijenga Sepuka, kwa kuwa amekataa kurudi Muheza, imegeuzia upepo mlango, jambo ambalo kila mtu alimwambia, wakianza na shikamoo, naye kwa mara ya kwanza hakusikia.

Mwisho wa mwaka huu nchi itajitawala, na watu wanauliza tutaishi vipi pamoja, wa msikiti, wa kanisa na wa mila. Sisi tuna bahati, swali hilo tumelifanyia mazoezi miaka tisa. Mwezi uliopita chuo kikuu kimelipa somo letu kiti cha kudumu cha mwalimu hapa Unyaghuri. Atakayekikalia ameshateuliwa na atafika Julai kwa treni ya Itigi, mahali ambapo baba yake, fundi wa reli, amemwambia kila abiria kwamba binti yake ni mwalimu wa Kampala. Nilimsomea Mwalimu habari hiyo barazani kwake. Aliondoa miwani, akaipangusa, akaivaa tena, akasema tu, "Theodora atawatesa."

Mwalimu Mhando, kwa niaba ya chuo, asante kwa kila kipindi, na asante zaidi kwa siku ile uliyosimama ukijua unaweza kupoteza vyote. Mungu, kwa majina yote uliyotufundisha kuyaheshimu, akupe wewe na Mama Klara afya, mvua ya kutosha na wageni wazuri. Pumzika kwa raha, mzee wetu. Darasa halikufungwa.