Ubao Ulioishia Njiani

Mbele ya duka la kinyozi lililofungwa, kule Hikizawa juu, kuna benchi moja na mashine moja ya kuuza kahawa ya kopo. Mwenye duka, mzee Orikasa, alikata nywele za kitongoji kizima kwa miaka arobaini na miwili, ndiyo maana wanamwita Mkasi. Siku hizi, kila Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, hukaa pale tangu saa nane mchana akingoja basi la mji limrudishe mkewe, Sumie, anayesafishwa damu hospitalini. Ijumaa ile kopo lake lilipoa mkononi bila kufunguliwa. Wiki iliyotangulia mtu wa ofisi ya mji alikuja na kidude cha kubofya, akahesabu wanaoshuka kituoni, akaondoka bila kusema neno.

— Alihesabu wangapi? aliuliza Nagakubo, mwenyekiti wa mtaa, ambaye kwa kupenda kusema anaitwa Redio.

— Mmoja. Sumie.

— Basi kituo wanakiondoa. Na hawasemi. Mama Tofu, ubao wa matangazo umepita kwako?

— Mwezi huu sijauona, alisema Mama Shimotori, aliyeacha kuuza tofu, ile jibini ya soya, lakini jina halikumwacha.

— Hata kwangu. Nyumba saba, kila moja isome, igonge muhuri, impelekee jirani. Sasa ukikaliwa kule ofisini, nani atajua? Wameukalia makusudi.

Mkasi aliitazama barabara. Leseni ya gari aliirudisha mwaka juzi. Kutoka kituo cha chini yake ni kilomita mbili za kupanda, na Sumie akitoka hospitali hata ngazi tatu za mlangoni humshinda.

— Mimi nimeona makubwa kuliko hayo, alisema Mama Tofu. Ule muziki wa saa kumi na moja jioni kwenye spika za mji. Mmesikia ulivyopungua?

— Kilichopungua ni masikio yako, alisema Redio.

— Cheka tu. Wanaupunguza kidogo kidogo, ili siku wakiuzima tusishtuke. Halafu kuna dubu.

— Dubu wameingiaje hapa?

— Mwaka jana walishuka wawili kutoka mlimani, ofisi ikaleta kibao cha onyo. Mwaka huu watano. Ofisi imeleta nini? Wameshaamua, bwana. Hikizawa wanapewa dubu.

— Dubu hawapigi kura, alisema Mkasi.

— Na hawaleti malalamiko. Hapo ndipo wanapopendewa.

Redio aliinuka, akabofya kitufe cha mashine mara mbili. Taa nyekundu.

— Kahawa ya moto imekwisha na hawaongezi. Mnaona? Hata mwenye mashine ameshapewa habari.

Gari dogo jeupe la ofisi ya mji likasimama. Akashuka mwanamke wa makamo aliyevaa jaketi la kazi.

— Shikamooni wazee wangu. Naitwa Kusaba, nimehamia kitengo cha usafiri. Nimefuata majibu yenu kuhusu kituo. Mwisho ni leo, ofisi ikifungwa.

— Majibu ya swali gani, mama? alisema Redio. Nani katuuliza?

— Mliulizwa wiki tatu zilizopita. Kama hakuna jibu, kituo kinaondolewa. Ubao niliuleta kwa mkono wangu. Sasa uko nyumba gani?

Redio alimtazama Mama Tofu. Mama Tofu alitazama viatu vyake.

Mkasi aliliweka kopo benchini. Ubao huanzia kwake. Alikumbuka siku yenyewe: walikuwa wametoka kwenye ibada ya maombolezo ya siku ya arobaini na tisa ya dada yake Ine, wa nyumba ya pili. Bado alikuwa na suti nyeusi. Alipoukuta mlangoni aligonga muhuri bila kusoma, akaenda kuutundika kwenye geti la jirani, kama alivyofanya miaka thelathini na mmoja. Tena aliita, “Dada, ubao.”

— Uko kwa dada Ine, alisema.

— Mkasi, alisema Mama Tofu taratibu. Dada Ine tumemzika.

— Najua.

Hakuna aliyecheka. Walishuka wote hadi kwenye geti. Ubao ulikuwa unaning'inia ndani ya mfuko wa nailoni, konokono mmoja amejishikiza pembeni. Juu yake muhuri mmoja tu, wa Orikasa.

— Orodha ya majina ni kazi yangu, alisema Redio, akipapasa mfukoni kutafuta muhuri wake. Jina nilipaswa kulifuta. Kila nikishika kalamu, naiweka chini.

Kusaba alifungua kalamu yake, akaiweka juu ya mstari wa pili wa orodha, penye jina la Ine.

— Huyu nimfute?

Kule chini, kwenye kona ya daraja, basi lilisikika likibadilisha gia kuanza kupanda.

— Anza na kituo, mama, alisema Mkasi. Dada hana haraka.