Jonna na Mtambo Uliogoma Siku ya Sherehe

Tarehe 30 Juni 2025, Jonna Kjeldgaard anaweka chini bisibisi baada ya miaka thelathini na tisa katika ushirika wetu wa umeme wa upepo hapa Vesterhede, Jutland ya magharibi. Kamati iliniomba mimi, mama yake, niandike wasifu huu, kwa kuwa ningesema tu hata kama wasingeniomba.

Jonna ndiye aliyeutia akili mtambo wetu wa kwanza. Kabla yake, kila upepo ulipochafuka, mwenyekiti wetu Vagn aliacha chakula mezani akakimbia kuuzima kwa mkono. Jonna akaunda kisanduku chenye kompyuta isiyozidi ukucha wa kidole gumba. Hicho kingepima upepo, kiyageuze mapanga ya mtambo yaukabili, kiruhusu umeme uende majumbani, na kifunge breki upepo ukizidi. Mimi niliishia darasa la saba, lakini hilo naweza kumweleza hata waziri.

Siku ya uzinduzi wanachama walijaa, kahawa tayari, upepo ukavuma hadi kofia ya mchungaji wa kanisa letu ikaruka. Mtambo kimya!

"Jonna, kisanduku chako kimelala!" Vagn akapaza sauti. "Washa kwa mkono, la sivyo kinang'olewa leo leo!"

"Mwenyekiti, kinasema hakuna upepo."

"Hakuna upepo? Muulize mchungaji!"

Watu walicheka mpaka kahawa ikamwagika. Mimi sikucheka. Mwanangu alikuwa kazini kwa majaribio. Kisanduku kingeng'olewa, naye angeondoka nacho.

Jonna hakugusa swichi ya kuwashia kwa mkono. Alizima kila kitu, akapanda ngazi za mnara akiwa amevaa gauni lake la sherehe. Juu akakuta bendera aliyoitundika Vagn mwenyewe asubuhi ile, maana kwetu hakuna sherehe bila bendera. Ilikuwa imejiviringisha kwenye vikombe vya kupimia upepo, vimekabwa, havizunguki. Akaikunjua, akashuka nayo, akakirudishia kisanduku umeme. Mapanga yakazunguka!

Vagn akavua kofia. "Haya, binti. Mtambo wa pili unauanza lini?"

Leo mitambo yetu yote kumi na mmoja inaongozwa na visanduku vyake, na mafundi aliowafunza wamejaa pwani nzima. Nani mwingine ana mtoto kama huyu? Mnitajie!

Jonna, ushirika mzima unakushukuru. Tunakutakia afya, kicheko na siku nyingi za raha. Kesho upepo uvume utakavyo, mwanangu. Wewe lala mpaka jua lipande.