Maswali ya Mlangoni kwa Mama Gakii

Naanza kwa kumtaja Mola aliyewagawia waja Wake ndimi na rangi mbalimbali, kisha akawajaalia kuelewana. Na rehema zimfikie Mtume Wake na jamaa zake wote. Mimi ni Shekue, mwana wa Mzee Athumani na Bi Mwanatumu. Chimbuko langu ni Pangani, chuo changu Tanga, na makazi yangu ya uzeeni ni Rexdale, katika mji wa Toronto, ambako Mungu alinishusha na sikulalamika isipokuwa miezi ya theluji.

Kijiwe chetu ni benchi la mbao ndani ya jumba la maduka, karibu na mlango unaotokea kituo cha basi. Nazarali, mzaliwa wa Dar es Salaam, huja na chupa ya kahawa ya tangawizi, ndiyo sababu tukamwita Chupa. Methodius wa Bukoba, mhasibu, ni Kamusi, kwa kuwa hajapata kuulizwa jambo akasema halijui. Cliff, kijana wa Nairobi apakuaye mizigo karibu na uwanja wa ndege, ni Waya, maana habari zote hupitia kwake. Siku niisimuliayo tulikuwa na mwanafunzi katikati yetu, naye ni Mogaka, muuguzi mwenye asili ya Kisii, ambaye Jumamosi angekwenda kumposa Gakii, binti wa Kimeru. Mshenga wake nilikuwa mimi, ambaye kijiweni huitwa Maalim. Desturi ni kwamba wenyeji hufunga mlango, na wageni hutozwa wimbo au kitendawili ndipo wafunguliwe. Lakini mjomba wa binti, Mzee Mugambi wa Buffalo, alikuwa amepata uraia wa Marekani majuzi, akaleta neno zito: mlango hautafunguka mpaka mchumba ajibu maswali ya historia ya Marekani, somo lile lile alilotahiniwa yeye. Akishindwa, posa ingoje kiangazi. Basi kijiwe kikageuka darasa.

Kamusi: Twende tena. Kwa nini pale Boston walimwaga chai baharini?

Mogaka: Kodi. Walitozwa kodi na hawakuwa na mwakilishi bungeni.

Chupa: Kodi gani bwana! Chai ile haikuwa na tangawizi wala maziwa. Hata mimi ningeimwaga.

Waya: Na samaki wa huko wakakosa usingizi mwezi mzima. Ndio maana Boston wanakula samaki hivyo, wanawashika wamechoka.

Kamusi: Waya, mtoto wa watu ana mtihani.

Waya: Si wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki? Sasa hiyo ilikuwa chai, buda. Ingezoleka tu.

Methali ikakaa juu ya hoja kama kofia juu ya goti. Nikataka kuisahihisha, lakini Chupa alikuwa ananimiminia, na si adabu kumsahihisha mtu huku mkononi una kikombe cha mwingine.

Kamusi: Louisiana waliinunua kwa nani?

Mogaka: Kwa Wafaransa.

Chupa: Bila dalali?

Kamusi: Bila dalali.

Chupa: Basi walipunjwa. Mmoja wao, sijui yupi, lakini alipunjwa.

Kamusi: Vita vya mwaka 1812?

Mogaka: Waingereza waliingia Washington wakaichoma Ikulu.

Chupa: Aa-aa! Hiyo usiitaje mlangoni, tutarudishwa na sahani zetu za posa.

Kamusi: Lakini Wamarekani ndio walioanza! Walikuja hapa hapa Toronto, ukiitwa York, wakachoma bunge.

Waya akasimama kama mtu aliyeteremshiwa ufunuo.

Waya: Ngoja, ngoja. Sasa nimeshika. Hiyo vita haijaisha! Wameona jeshi imefeli, wakatuma mjomba.

Mogaka: Cliff, tafadhali.

Waya: Msee, fikiria. Anashika mlango wa Rexdale leo. Kesho anashika basi za Kipling. Keshokutwa ameshika uwanja wa ndege, na mimi nitapakua mizigo nikiimba wimbo wao.

Chupa: Bendera ataitundika kwenye roshani ya Mama Gakii, pale anapoanika mashuka.

Kamusi: Mnacheka, lakini mmewahi kujiuliza yule mama wa sanamu pale New York ameshika mwenge wa nini? Anamulika wachumba! Akimwona mwenye suti ya kuazima, anamrudisha alikotoka.

Mogaka: Suti yangu si ya kuazima.

Waya: Ni ya nani basi? Leo asubuhi ilikuwa kwa kabati yangu.

Tukacheka hata walinzi wa jumba wakageuza nyuso. Mogaka peke yake hakucheka. Aliinama, akasema kwa sauti ya chini kwamba Gakii amekwisha kununua kitambaa, shangazi zake wameomba ruhusa kazini, na kwamba akikosea swali moja mbele ya ukoo mzima hatajua auweke wapi uso wake. Nikamwekea mkono begani. Kamusi naye akalegeza sauti.

Kamusi: Hukosei, mdogo wangu. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na mhasibu. Nasikia mzee anapenda kutega kwa wazazi wa marais. Mama yake Washington?

Mogaka: Mary Ball.

Kamusi: Mama yake Jefferson?

Mogaka: Jane Randolph.

Kamusi: Mama yake Lincoln?

Mogaka: Nancy Hanks.

Chupa: Mashaallah! Mpe kahawa nyingine. Huyu hata angeulizwa mama yake farasi wa Washington angejibu.

Waya: Mlango utajifungua wenyewe. Mzee Mugambi atabaki ameshika kitasa tu.

Katika furaha hiyo akaingia mwanamke mwenye mfuko mkubwa, theluji ingali mabegani. Wengine hatukumjua; Mogaka ndiye aliyemjulisha. Jina lake Pulchérie, Mkongomani wa Bukavu, mshonaji wa Mount Dennis. Mogaka alikuwa amempa kazi ya kutarizi blanketi la mama mkwe, ile zawadi inayotangulia zawadi zote. Akalikunjua juu ya magoti yetu: jekundu, maua ya dhahabu pembe zote, na katikati nafasi tupu.

Pulchérie: Jambo, bapapa. Mogaka, kazi imeisha, inabakia jina tu hapa katikati. Mama ya bibi-arusi anaitwa nani?

Mogaka: Mama Gakii.

Pulchérie: Ile ni jina ya mtoto. Miye nauliza jina yake, yeye.

Mogaka akamgeukia Waya.

Waya: Kwa simu yangu ameandikwa Mama Gakii. Tangu mwaka juzi.

Chupa: Mimi napanda naye lifti kila siku. Shikamoo Mama Gakii, kwaheri Mama Gakii.

Pulchérie: Na wewe, papa mwenye miwani?

Kamusi akatazama dari, akatazama viatu vyake, akatazama kahawa.

Kamusi: Silijui.

Neno hilo halikuwa limewahi kusikika katika benchi lile. Waya alilipokea kwa kuvua kofia. Nami mshenga, niliyeandaa salamu za lango kwa misemo ya waliotangulia, sikuwa na jina la kumtajia mwenye nyumba. Hatukumdharau, Mungu ni shahidi. Sisi humheshimu mwanamke kwa kumwita kwa mwanawe, na heshima hiyo tulikuwa tumemfunika nayo gubigubi mpaka akapotea ndani yake. Nancy Hanks, aliyekufa kabla babu zetu hawajazaliwa, tulimjua. Aliyetuletea chapati wakati wa theluji kuu hatukumjua.

Waya: Piga Gakii, atakwambia sasa hivi.

Mogaka akatoa simu, akaishika, kisha akairudisha mfukoni.

Mogaka: Hapana. Maalim, jina la mama si kitu cha kuulizia pembeni. Naenda mwenyewe.

— Nenda, mwanangu, nikamwambia. Uvue viatu, uamkie, ndipo uulize.

Akaiacha kahawa nusu, akatoka mbio kulipata basi la Islington. Chupa akaigeuza chupa yake, likadondoka tone la mwisho. Siku nyingine hiyo ndiyo alama ya kuagana, lakini hakuna aliyeinuka. Pulchérie alikaa kati yetu, sindano mkononi. Mwishowe simu ya Waya ikalia, ujumbe wa sauti. Akaongeza sauti tukasikia wote, na aliyesema alikuwa mwanamke.

— Wazee wa benchi, hamjambo? Kijana wenu ameingia na theluji kichwani, ameniuliza jina langu kabla hajakaa. Mimi ni Kagendo, yaani wa safarini. Nilizaliwa njiani, mama yangu akienda soko la mji wa Maua, kule Meru. Akanifunga kwa leso akarudi nyumbani, na mboga hakununua. Huyo fundi aandike hivyo. Na Jumamosi msijichoshe na marais. Nyumba ni yangu, ufunguo ni wangu, mlango nitaufungua mimi. Mugambi akitaka kuuliza maswali, atauliza akiwa ameketi, mdomo umejaa pilau.

Benchi likalipuka kwa vigelegele, vya wanaume, vibaya kuliko vyote nilivyosikia. Pulchérie akaanza kutarizi herufi ya kwanza.

Waya: Mama yangu mimi anaitwa Jemimah.

Hakuna aliyekuwa amemwuliza.

Kamusi: Wangu Leokadia. Alikuwa anatafuna kahawa mbichi huku anasali.

Chupa: Wangu Karima. Ukipika chai bila tangawizi, hakusemeshi mpaka Ijumaa.

Pulchérie: Polepole, bapapa! Blanketi ni moja tu.

Nanyi mliosikiliza hadi hapa, Mola awajaalie milango inayofunguliwa na wenye nyumba kwa furaha. Awape afya mama zenu walio hai, awalaze pema waliotangulia, na kila mmoja wenu asikose wa kumwuliza jina lake akangoja alisikie. Amin.