Behewa Safi la Orville

Benchi letu liko nje ya duka la treni ndogo za mfano, hapa Altoona, mji wa karakana za treni, na Machi hii baridi hulikalia kabla yetu. Orville, mwenzetu wa benchi, fundi mstaafu wa karakana, tulimzika wiki iliyopita. Jumamosi klabu itapitisha treni moja ya kumuaga, na behewa la mwisho litakuwa lile alilolitengeneza mwenyewe: la mizigo, la mtindo wa mwaka hamsini na moja, refu kama kalamu, jekundu, linang'aa. Kasoro ndiyo hiyo. Kwenye reli za klabu behewa safi haliruhusiwi. Lazima lipakwe kutu na masizi lifanane na yale ya kweli. Mimi nimechoka kuzika, na kubishana nimechoka pia.

— Kutu kidogo mlangoni, yatosha, alisema Breki, aliyefanya kazi ya breki kwenye treni za kweli mpaka goti likamfia.

— Kidogo? Profesa Kutu akatoa kikopo chake cha rangi. Mchovya asali hachovyi mara moja. Tabaka tatu!

— Na masizi juu, Breki akaongeza. Zama zile injini zilikula makaa.

— Na mavi ya njiwa, akadakia Donati, mdomo umejaa. Lakini njiwa wa hapa. Wa kule jimbo la Ohio wanakula mahindi, yao meupe mno.

— We Donati, umepima? nikamuuliza.

— Nimeangukiwa na yote mawili.

Tulicheka, ila kivivu.

— Jamani, tuliache lilivyo, nikasema.

— Wahenga walisema kibaya chajitembeza! Profesa akanikata. Kazi ya behewa si kutembea? Basi lazima liwe baya.

Hapo akaja Lorene, mjane wa Orville, behewa kalifunga ndani ya soksi ya marehemu.

— Shemeji, karibu, keti, alisema Breki.

Hakuketi.

— Mnataka kulipaka nini? aliuliza, akikitazama kikopo cha rangi.

— Uchafu kidogo tu, shemeji, Profesa akajibu. Ndiyo sheria. Lifanane na yale aliyokuwa akiyaunda karakana.

— Miaka yote ya karakana alikuwa anasugua mikono kwa mafuta ya taa mpaka inachubuka, ndipo akae mezani na watoto. Hili kalitengeneza ameshastaafu, mikono safi. Nani kati yenu atamrudishia uchafu?

Breki akainamisha chupa ya kahawa. Hakikutoka kitu. Nikatazama kucha zetu, sote wanne, zimejaa rangi ya kutu ya mabehewa yetu.

Tukatia mikono mifukoni.