Doña Nélida na Seli Zilizokuja kwa Basi

Baada ya miaka thelathini na minne katika maabara yetu hapa Montevideo, mingi yake akipokea sampuli, doña Nélida Etcheverry anastaafu tarehe 30 Novemba. Kwa muda wote huo hakuna aliyemwona akiamini jambo mara ya kwanza. Hata keki za siku ya kuzaliwa huzinusa kabla ya kuonja, na chai yetu ya majani ya mate hanywi mpaka aitie maji mwenyewe.

Alianza kwa kuosha vyombo vya kioo vya maabara. Kompyuta zilipoingia, sisi wa juzi tulidhani zimempita.

Programu yetu hukadiria kila seli ingepaswa kuwa na nakala ngapi za kila jeni, ikitazama wingi wa nakala zote zilizosomwa humo. Tofauti kati ya kadirio na kilichopatikana tunaiita masalio. Yakiwa makubwa, tunachekelea: kuna jambo.

Miaka minne iliyopita mimi, Washington Techera, niliyaona makubwa kweli katika damu ya watoto kumi na mmoja wenye saratani. Nikatangaza aina mpya ya seli, sugu kwa dawa, nikaanza kuandika makala. Madaktari walingoja neno langu tu wawape dawa kali zaidi. Doña Nélida akaanza kuizungukazunguka meza yangu. Nilishuku anapeleka habari zangu maabara jirani, nikabadilisha nywila.

Siku moja akaja na daftari la mapokezi.

"We Washington, hao watoto wako wote si wa Salto, kule mbali kaskazini?"

"Wote. Kwani vipi, doña?"

"Damu yao imekaa saa saba kwenye basi. Hiyo mashine yako uliiambia?"

Nikafungua data niliyoiingiza: saa za safari hazikuwamo.

"Hukuiambia. Halafu unawasingizia watoto wa watu!"

Akakunja mkono wa shati, tukatoa damu yake mwenyewe. Nusu tuliisoma papo hapo, nusu ikakaa sandukuni saa saba. Ile iliyokaa ikatoa "seli mpya" yangu, masalio yaleyale. Zilikuwa seli za kawaida zilizochoshwa na kungoja. Niliona aibu mpaka leo naiona.

Makala yangu haikuchapishwa. Tangu hapo masalio yoyote makubwa nayaangalia kama mgeni asiyetaka kutaja jina.

Asante, doña, kwa kutotuamini. Nenda kapumzike, ule raha zako, na afya isikupungukie. Watoto kumi na mmoja hawakuguswa na dawa ile, na hakuna hata mmoja anayekujua.