Bodi Sita Chini ya Kitanda

Kwenye basi, mbele yangu, aliketi fundi mzee wa mashine za kufulia. Alikwisha kumwambia kondakta asimsumbue mpaka mwisho wa njia, ndiko anakoshukia. Pembeni yake dada mmoja alipakata bodi ya umeme iliyotolewa kwenye mashine mpya ya kufulia, imefunikwa kwa gundi ngumu.

"Hiyo kaitupe, mwanangu," fundi akasema, ingawa hakuna aliyemuuliza. "Mashine za zamani zilikuwa na swichi ya kuzungusha. Unazungusha, unasikiliza krr, krr, unajua jino gani la gia limelika. Hii utaisikiliza nini?"

"Siisikilizi, baba. Naipasha moto kwa draya ya nywele, gundi inalainika, naikwangua. Mara nyingi kilichoungua ni kidude kama punje ya mchele. Nakibadilisha, mashine inafua."

"Uongo!"

"Wiki hii nimefufua tatu."

Fundi akacheka kwa dharau, kisha akainama kuitazama ile bodi kwa karibu. "Na zile za kuzungusha unaziweza?"

"Zinanishinda. Nazungusha, sisikii kitu."

"Husikii kwa sababu hujafundishwa!" akafoka, kana kwamba ametukanwa yeye. Halafu akashusha sauti. "Nina bodi sita kama hiyo yako chini ya kitanda. Mke wangu kila siku ananiambia nizitupe."

"Mbona hujazitupa?"

Basi likasimama. Dada akashuka na bodi yake. Mwisho wa njia ulikuwa bado mbali, lakini fundi naye akabeba kisanduku chake, akashuka nyuma yake, huku bado anabisha kwamba draya haiwezi kufufua bodi.